Tawi Nililolaza Njia Panda

Mtu wa kwanza niliyemwona nilipoingia sebuleni kwa marehemu Mapendo, yaya wangu, yaani dada mkubwa, kule Columbus, alikuwa mzungu anayekula bugali kwa mkono. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa ukutani, akina mama wamejitanda vitenge, simu ya mtu inaimba kwaya kwa sauti ya chini, na katikati ya yote hayo yeye, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, anafinyanga tonge, analibonyeza kwa dole gumba, anachota sombe, kisamvu chetu, bila kudondosha hata jani. Nilitaka kucheka. Nimeishi Louisville miaka mingi, na wazungu wa ghala letu kule Okolona hata chapati wanaila kwa uma. Kisha akainuka anipishe kiti, akashika fimbo iliyoegemezwa kwenye kochi, na mguu wake wa kulia ukabaki nyuma kidogo, haukunjiki. Akaniangalia. Kicheko kiliniisha. Uso ule niliwahi kuuona mara moja tu maishani, miaka kumi na saba iliyopita, kwenye mlima mmoja kusini mwa Buffalo, ukiwa na rangi ya majivu, mwenyewe amefungwa kwenye machela ya kuburuzwa thelujini. Na aliyemfikisha kwenye machela ile, kama nilivyoamini miaka yote hiyo, nilikuwa mimi.

Nani alimzaa nani na tulipitia kambi gani, hayo nayaacha. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, yaya Mapendo ishirini na minane. Hatukuzaliwa tumbo moja. Tulitoka mlima mmoja, Kivu Kusini, na kambini tulilala hema moja. Buffalo tulipewa chumba cha juu upande wa magharibi wa mji, dirisha limebandikwa plastiki, hita inakohoa kuliko kupasha joto. Yaya alipika maharage na ndagala, dagaa wa kwetu, asubuhi kabla ya kazi, na harufu ikashuka ngazi nzima. Aliyekaa chini alikuwa Mrundi, kwa hiyo hakulalamika. Alipanda na sahani. Mimi nililala upande wa ukuta, yaya upande wa mlango, maana alisema mkubwa ndiye anayelala mlangoni. Sikumuuliza sababu. Siku hizi ninapolala peke yangu nyumbani kwangu Iroquois, najikuta bado nimejibana upande wa ukuta, na upande wa mlango uko wazi.

Kazi tuliipata kwenye jiko la hoteli ya mlimani, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Gari la wafanyakazi lilituchukua kungali giza na kutushusha saa moja asubuhi, na jiko lilifunguliwa saa tatu. Siku ya kwanza nilisimama dirishani na kisu cha viazi mkononi nikishangaa. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanakaa kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, wanapandishwa hadi kileleni, wanateleza na mbao miguuni hadi chini, halafu wanapanda tena foleni. Hilo nililizoea baada ya wiki. Lililonishinda ni wale wengine. Kulikuwa na watu ambao hawakutaka viti wala zile njia pana zilizosawazishwa na mashine. Walipita nyuma ya hoteli, wakaingia msituni, wakapanda mlima kwa miguu yao, mbao zimefungwa kwenye viatu, jasho linawatoka kwenye baridi ya kukata masikio, ili tu wapate kushuka mahali ambapo theluji haijaguswa na mtu.

"Bon, nieleze," yaya aliniambia huku akisugua sufuria. "Viti viko, vinabeba batu mpaka juu. Bale juu ya nini banapanda na miguu?"

"Banasema ni muzuri."

"Muzuri!" Akaacha kusugua. "Mungu wangu. Sisi tumekimbia milima, benyewe banalipa juu ya kuipanda."

Mkuu wa waokoaji alikuwa mzee anaitwa Walter, goti moja bovu, kofia ya manyoya yenye masikio ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa. Siku moja nilitumwa kupeleka supu kwenye kibanda cha juu, viti vimesimama kwa sababu ya upepo. Nilipanda na ndoo ya supu kama nilivyopanda na mzigo wa unga nyumbani, polepole, bila kusimama. Walter alinikuta kibandani sihemi. Alinitazama miguu kwanza, kisha uso. Wiki iliyofuata aliniletea skii, zile mbao za kutelezea, za marehemu mke wake, na viatu vilivyonibana kidogo vidole, na vipande viwili virefu vya kitambaa chenye manyoya ambavyo yeye aliviita ngozi. Unazibandika chini ya skii. Manyoya yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo skii inakubali kwenda mbele na kukataa kurudi. Nilipitisha kiganja juu yake na nikashtuka nikiwa nimesimama pale, maana ilikuwa sawasawa na kumpapasa ng'ombe: ukienda mkiani ni laini, ukirudi kichwani anakukatalia. Sikuwa nimegusa ng'ombe kwa miaka tisa.

Ndivyo nilivyoanza. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, wakati yaya amejikunja kwenye benchi la jikoni akimalizia usingizi, mimi na mzee tulipanda msituni. Alinifundisha nisiinue mguu, niuburute. Alinifundisha kugonga theluji kwa fimbo na kusikiliza kama chini ni tupu. Theluji ya kule inatoka ziwani, inaweza kujaza hadi magotini kabla ya chai. Juu, kabla ya kushuka, tulikunywa chai yangu ya maziwa na tangawizi. Mara ya kwanza alikunja uso, mara ya pili akaleta kikombe chake mwenyewe. Kisha tunabandua ngozi, tunazikunja kifuani zisigande, na tunashuka kati ya misonobari. Nilianguka kila asubuhi. Nilifurahi pia, na naona aibu kidogo kuliandika hilo, kwa sababu ya yaliyofuata. Ulikuwa mlima ambao hakuna mtu aliyenifukuza juu yake.

Sasa niseme habari ya tawi. Kwetu, wanawake wanapokwenda sokoni kwa makundi, wanaotangulia wakifika njia panda huchukua tawi na kulilaza mbele ya njia isiyo yetu. Anayekuja nyuma akiona tawi limelala, hapiti hapo. Hakuna anayefundishwa, unalijua kama unavyojua kuvua viatu mlangoni. Siku ile tulipokimbia kijiji, yaya Mapendo alikuwa na kundi la mbele, mimi na la nyuma, na kati yetu nusu siku ya mwendo. Njia panda zilikuwa nyingi, na kwenye baadhi ya njia hizo kulikuwa na watu wenye bunduki. Kila njia panda nilikuta tawi. Ndiyo sababu niko hai ninaandika haya.

Mwezi wa pili, hoteli iliamua kuwatengea wapandaji wale wa msituni njia moja ya kufuata. Ilipita kwenye mgongo wa mlima hadi njia panda: kushoto unaendelea chini ya misonobari na kushuka salama, kulia unateremkia korongo lenye kijito kinachopita chini ya theluji bila kuonekana. Jumamosi jioni Walter alikuja jikoni akichechemea, goti limevimba. Alituambia sisi wawili, mimi na yaya, kesho yake mmoja wetu apande mapema, achukue matawi, aweke alama pale njia panda, ili wageni wajue njia. Basi. Hakueleza zaidi na mimi sikuuliza zaidi. Kipi cha kuuliza? Jumapili asubuhi nilipanda peke yangu, nikakata matawi matatu ya msonobari, nikayafunga kwa kamba, nikayalaza kwa kukingama mbele ya njia ya kulia. Nilirudi nyuma hatua chache nikaangalia. Niliona kazi nzuri. Nilishuka nikaimba.

Saa tano hivi redio za waokoaji zilianza kupiga kelele. Saa sita walimshusha. Nilikuwa nimetoka kumwaga maganda, na machela ikapita mbele yangu karibu niiguse. Kijana wa rika langu, nywele zimeganda barafu, midomo ya buluu, macho wazi lakini hayaangalii kitu. Theluji juu ya kijito ilimzamisha, mguu ukavunjika mahali pawili, na akakaa ndani ya maji muda ambao kila aliyehadithia aliuongeza. Njia gani? Ya kulia. Nilisimama na ndoo yangu. Walter alinivuta kwenye korido ya stoo, uso umemshuka.

"Uliyaweka wapi matawi?"

Nilimwambia.

"Yamelala? Upande wa kulia?" Alifumba macho. "Nilitaka uyachomeke kushoto, yasimame, watu wayafuate. Hapa kwetu tawi ni la kufuata. Yule kijana amewaambia waokoaji aliona matawi akadhani ndiyo njia."

Hadi leo sijui neno la kulieleza lile. Kitu pekee nilichokiamini duniani bila kukifikiria, kitu kilichoniokoa, mtu alikuwa amekisoma kinyume na amevunjika. Niliona mikono yangu ina utomvu wa msonobari na nikaificha ndani ya aproni. Tulirudi jikoni, Walter nyuma yangu, na meneja akaingia kwa mlango wa pili. Meneja yule hakuwahi kutofautisha mimi na yaya. Kwake tulikuwa mtu mmoja mwenye miguu minne. Akauliza ni nani kati yetu aliyeweka matawi kule juu.

Nilifungua mdomo. Sauti haikuja. Nilikuwa nafikiria kituo cha polisi, nafikiria ndege ya kunirudisha kambini, na kweli nilifungua mdomo, lakini sauti haikuja. Yaya alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria. Aliniangalia mikono iliyofichwa kwenye aproni, akaweka kijiko chini.

"Mimi," akasema kwa Kiingereza chake kidogo. "Ni mimi."

Walter aliniangalia. Kisha akaangalia viatu vyake. Watu watatu tulijua ukweli, na aliyesema alikuwa yule mmoja aliyesema uongo.

Nyumbani hatukuwasha taa kwa muda. Maharage ya asubuhi yalikuwa yameganda kwenye sufuria. Niliuliza, "Yaya, juu ya nini ulisema vile?"

"Weye uko mutoto bado. Karatasi yako haiyatoka, yangu imeisha kutoka. Donc banifukuze mimi, haina kitu." Akaanza kupasha maharage. "Na weye ulifunga njia vizuri, Faida. Mi njo nilikufundisha. Sasa kula."

Walimfukuza kesho yake. Wiki mbili baadaye alipanda basi la kwenda Columbus, ambako watu wa kwetu walikuwa wengi na kazi za kutunza wazee zilipatikana. Kituoni alinifunga kitambaa chake shingoni kama vile mimi ndiye ninayesafiri. Nilibaki jikoni hadi theluji ilipoyeyuka. Walter hakunialika tena msituni, nami sikutaka. Tulipishana koridoni tukisalimiana kama watu waliokutana msibani. Skii za mke wake niliziegemeza kwenye mlango wa ofisi yake siku ya mwisho. Kiangazi nilihamia Louisville, kwenye ghala, mji ambao mlima wake mkubwa ni ule wa Iroquois Park, na watu wanaupanda kwa gari.

Kuna jambo lililo baya zaidi ya tawi, na hili ndilo linaloniwia gumu. Kila mwaka ikikaribia Noël, yaani Krismasi, yaya alipiga simu. Tulicheka, tulisengenya, aliniimbia mwanangu Neema nyimbo za kulala hadi Neema akawa mkubwa wa kuzikimbia. Na miaka kumi na moja ya mwisho, kabla hajakata, alisema maneno yale yale: "Faida, kuya Noël hii. Kuko mutu nataka umuone. Niko na kitu ya kukuambia, haiko ya telefoni." Na kila mwaka nilisema kazi, shifti, barabara ina barafu. Mimi nina mtoto na sina mume, na yaya alikuwa na ugonjwa wa kutafutia watu wachumba. Nilijiambia ameniwekea mchungaji mjane. Huo ndio uongo niliojipa mchana. Chini yake nilijua namna nyingine: ataniketisha, atafunga mlango, ataniambia hatimaye nilichomfanyia. Kutoka Louisville hadi Columbus ni saa tatu na kitu kwa gari. Katika miaka kumi na saba sikuwahi kuiendesha barabara ile. Presha ilipomwangusha yaya asiamke tena, niliiendesha siku hiyo hiyo, na Neema, ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimia, akaniuliza njiani kwa nini hatukuwahi kuja huku kama ni karibu hivi. Niliongeza sauti ya redio.

Ndiyo hali niliyoingia nayo sebuleni na kumkuta mzungu na tonge lake. Watu walimwita Tomasi. Alivyokuwa anajua jikoni sahani ziko wapi! Nilimfuata hukohuko, nikasimama mlangoni, nikamuuliza amemjuaje marehemu. Alinawa mikono kwanza.

"Nilimwomba msamaha," alisema. "Hapa, kwenye meza hii. Miaka kumi na moja iliyopita. Alifukuzwa kazi kwa sababu yangu." Akapapasa mguu wake mgumu. "Nikiwa kijana nilianguka kwenye korongo. Yeye alikuwa amefunga njia kwa matawi matatu, yamefungwa kamba, yamelala yamekingama. Hakuna mtu duniani angeyaona akadhani ni mlango. Nilielewa mara moja kwamba njia imefungwa. Ila kule nyuma yake theluji ilikuwa haijaguswa, na mimi niliitaka. Niliruka juu ya matawi. Waokoaji waliponiuliza, baba yangu amesimama pale, niliona haya, nikasema nilidhani yananielekeza. Walter alinipa anwani ya Mapendo kabla hajafariki. Nilikuja nimejiandaa kupigwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula."

Nilishika ukingo wa sinki. Alielewa. Tawi lilisema, na yeye alilisikia.

"Tangu hapo nakuja kila Noël," akaendelea. "Kila mwaka anasema kuna mtu nataka umwone, mwaka huu atakuja. Anaweka sahani ya ziada. Sikuwahi kujua ni nani."

Nilipopata sauti, nilisema kile nilichopaswa kusema mbele ya meneja. "Si Mapendo aliyeweka matawi. Ni mimi."

Tomasi alikaa chini polepole, mguu umenyooka mbele yake, mdomo wazi. Yaya alipokea msamaha usio wake miaka kumi na moja, akautunza kama mtu anavyomtunzia jirani barua, na hakunitaja hata mara moja. Hakumwambia Tomasi habari zangu, hakuniambia mimi habari za Tomasi. Alitaka kila mmoja aje aseme mwenyewe. Hasira ilinipanda, nakiri, nikataka kumgombeza: yaya, ungenipigia tu ukaniambia! Kisha nikakumbuka nani alikuwa hapokei mwaliko wa nani. Tulikaa pale jikoni, mimi na mzungu yule, tumeduwaa kama watu waliogongwa na mlango, hadi Neema akaja kutuita.

Tulimzika kesho yake. Theluji ilikuwa imeanguka asubuhi, na makaburi ya Columbus ni makubwa, vijia vingi. Gari la jeneza lilikuwa limetangulia kwa geti la nyuma. Sisi tuliacha magari getini na kutembea kwa makundi, nami nilikuwa na kundi la mbele. Tulifika mahali njia inagawanyika, kulia na kushoto, zote nyeupe. Kaburi lilikuwa kushoto. Chini ya msonobari upepo ulikuwa umeangusha tawi. Sikufikiri. Niliinama nikaliokota, nikalilaza kwa kukingama mbele ya njia ya kulia, na Neema akaniangalia kama nimerukwa na akili.

Niligeuka kule mbele kuangalia. Akina mama wa kundi la pili walifika, wakaona tawi, wakakata kushoto bila kuacha kuimba. Wakafuata wengine, na wengine. Tomasi alikuja wa mwisho, peke yake, na fimbo yake. Alisimama mbele ya tawi. Alisimama muda mrefu, theluji safi imelala nyuma ya tawi haina hata unyayo mmoja. Kisha akaondoa fimbo, akaichomeka upande wa kushoto, akatufuata. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele za watu, kilio ambacho nilipaswa kukilia kwenye kile kituo cha basi, Buffalo.